Wanatafutwa Plongeur Wawili

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Fulgence ametuma tena ile video. Asubuhi, hata chai sijameza. Ameiweka kwenye grupu ya familia, mahali ambapo hata shangazi yangu wa Aveba anaona, naye simu kaipata juzi tu.

Ni video ya ndoa yetu. Mimi, Gaspard, mwembamba, koti la kuazima, maikrofoni mkononi. Kahindo pembeni yangu, macho chini. Natangaza kwa sauti ya gavana kwamba kabla ya jubile yetu ya miaka ishirini na mitano nitampeleka mke wangu kwenye kisiwa, tutazama majini, tutaangalia samaki wakiwa hai. Watu wanapiga makofi. Mtu mmoja anapiga mluzi. Bila shaka ni Fulgence.

Jubile ni Jumamosi tarehe 27 mwezi huu. Misa imekwisha kupangwa. Chini ya video Fulgence ameandika kwamba bahari inamngoja shemeji yake, na ameongeza vichwa vinavyocheka. Shangazi wa Aveba naye ameweka kichwa kinachocheka. Nani alimfundisha?

Fulgence ni kaka wa mke wangu. Anauza vipuri vya pikipiki karibu na soko kuu. Alienda Mombasa mara moja kuchukua mali, akarudi na picha: yeye amesimama baharini, maji kiunoni, miwani ya kuzamia usoni. Maji kiunoni! Tangu siku ile anajiita plongeur, mzamiaji.

Mimi ni fundi wa frigo. Katika Bunia hii, ukitaka bia baridi, ukitaka dawa zisiharibike, unakuja kwangu. Mtu wa heshima. Siwezi kushindwa na mtu wa maji ya kiunoni.

Nilimuuliza Kahindo kama video imemkera. Alikuwa anapanga makayabo yake kwenye beseni, samaki wa chumvi wa kupeleka sokoni. Akasema hapana, maneno ya ndoa ni maneno ya ndoa. Baadaye nilimuona jikoni anaiangalia tena, peke yake, mpaka mwisho. Kumbe anakumbuka. Kumbe anangoja. Moyo uliniuma sana.

Lazima nipate kisiwa.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Nimepata kisiwa.

Sikukitafuta, kimenitafuta. Nilikuwa nimelala chini, kichwa nyuma ya frigo ya mteja, simu ikalia. Tangazo, limepita grupu mpaka grupu. Hoteli inaitwa Les Trois Palmes, kwenye kisiwa cha Sainte-Odile, mbali kabisa katikati ya bahari. Kwenye ramani ya simu kisiwa kinaonekana kama uchafu wa inzi. Wanatafutwa haraka plongeur wawili. Tiketi ya ndege, hoteli. Chakula, hoteli. Mahali pa kulala, hoteli. Na chini kabisa, maneno yaliyonitoa machozi: bibi na bwana wanakaribishwa.

Picha iko na maji ya kijani, mchanga mweupe, samaki wa manjano. Na lile jina! Palmes ni vile viatu vya mpira kama miguu ya bata ambavyo plongeur anavaa. Hoteli yenyewe imebeba jina la viatu.

Nilikimbia kwa Rachidi ili kuhakikisha. Rachidi ni rafiki yangu, amezama mtoni kule Kilo miaka mingi kutafuta dhahabu. Unafunga mawe kiunoni, unauma mpira wa hewa, unashuka chini kabisa kunyonya mchanga. Nikamuuliza plongeur ni nani. Akanitazama kama nimemuuliza mbuzi ni nani. "Plongeur ni mutu anashukaka mu mayi na mupira ya hewa mu meno," akasema. Nikamuuliza kama neno lina maana nyingine. Akasema ingine itoke wapi?

Basi. Akauliza tu kwa nini hoteli imlipie mtu ndege ili akazame. Nikamfafanulia. Matajiri wanapokula wanapenda kuona watu ndani ya maji. Ni kama maua ya mezani.

Nimetuma maombi. Gaspard, plongeur mwenye uzoefu wa mito. Kahindo, mke wake, plongeur pia. Nilipomwambia, alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Weye unaogopaka hata manyunyu," akasema. Ni kweli, sijui kuogelea. Lakini tangazo halikuomba mtu wa kuogelea. Liliomba mtu wa kuzama, na kuzama kila mtu anaweza.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Vifaa. Viatu vya bata nimekatiwa na fundi viatu kutoka kwenye tairi la lori. Ni vizito kidogo. Miwani ni ya wachomeleaji wa chuma, nimeiziba pembeni na gundi ya frigo. Ukiivaa huoni kitu, lakini baharini inasemekana kuna mwanga mwingi.

Hewa nimeipata kwenye compresseur, ile pampu ya frigo kuukuu. Rachidi aliinusa, akasema iko na harufu ya mafuta, nikivuta ile nitafika mbinguni mbele ya kufika kisiwani. Nikamkumbusha kwamba fundi ni mimi. Nikavuta. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Rachidi anasema nilimwita mama. Tumeachana na compresseur.

Mazoezi nimefanyia kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba. Rachidi alinikataza kuyafanya peke yangu, kisha akaenda msikitini, sala ya Ijumaa. Mimi simngoji mtu. Mpango: kuingiza kichwa, kutulia, kutoa kichwa. Kichwa kiliingia vizuri. Mabega nayo yaliingia vizuri, na hapo ndipo kosa. Miguu ilibaki juu na matairi yake. Nilipiga mateke mpaka pipa likapinduka, na maji yote ya nyumba yakaenda kwa jirani pamoja nami.

Fulgence alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Sijui alifika lini. Alikuwa ameinua simu.

Grupu nzima imeona. Shangazi wa Aveba ameandika pole kwa msiba.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Nilimwambia mtu mmoja tu, tena kwa siri: Mama Dorcas wa kwaya. Leo mwisho wa misa Padiri Augustin akasoma matangazo. Ubatizo. Shamba la parokia. Kisha akasema ndugu yetu Gaspard na Mama Kahindo, kwa ajili ya jubile yao, wanaenda kisiwa cha mbali, wamepata nafasi ya plongeur kwenye hoteli kubwa, tuwaombee. Aliongeza kwamba ni mfano mzuri. Mfano wa nini, sikuelewa, lakini nilisimama nikainamisha kichwa.

Mama zote wakapiga vigelegele. Nilitafuta uso wa Fulgence, nikauona, nikafurahi. Dhambi ndogo.

Halafu nikamuona Kahindo. Amesimama nje katikati ya mama wenzake, wanamshika mikono, wanamuuliza atavaa nini ndani ya ndege, naye anacheka kwa meno yote. Tangu tukimbilie hapa Bunia, watoto mgongoni na godoro kichwani, sijamuona akicheka hivyo mbele ya watu.

Njiani akaniita kwa jina la binti yetu wa kwanza, kama kawaida yake: "Papa Ornella, kama safari haiko, uniambie sasa. Kubaki bila kisiwa, nitabaki. Lakini aibu ya mbele ya bale bamama, sitaiweza." Nikasema safari iko. Akanishika mkono. Barabarani, mchana, mbele ya vijana wote wa pikipiki. Nilitembea mpaka nyumbani nikiogopa kukohoa, asije akauachia.

Mchana Fulgence alileta bia. Akaomba namba ya hoteli, aiangalie tu. Nikamnyima kwa upole. Nikaingia ndani kuleta kiti kingine, nikarudi, nikamkuta anakunywa kimya. Simu yangu ilikuwa mezani palepale. Tangu nimjue, Fulgence hajawahi kunywa kimya. Pengine vigelegele vilimchoma roho.

Jumanne, tarehe 16 Septemba

Nimeingia kwenye maji ya kweli. Kuna hoteli hapa mjini nawatengenezea frigo za bar, gérant, meneja wao, akaniruhusu kutumia piscine yao ya kuogelea asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala. Kahindo alikuja pia. Alisema lazima awepo mtu wa kubeba mwili.

Nilianzia upande wa kina kifupi, mkono kwenye ngazi. Maji baridi. Nikashuka mpaka magotini, nikapumzika. Nikamwambia Kahindo asiogope, aangalie mimi ninavyofanya. Akasema ndiyo, Papa Ornella. Akavua kitenge, akabaki na fulana na suruali ya Ornella, akaenda upande wa kina kirefu, akaruka. Akapotea.

Nikangoja. Maji yakatulia. Nikaita mlinzi, mlinzi hayuko. Nikaita gérant. Nikamwita Bikira Maria. Hakuna kichwa, hakuna mkono. Nikafikiri: nimemuua mke wangu kwa ajili ya video. Nikakimbia mpaka upande ule na nguo, na viatu vyangu vya tairi, nikajitupa.

Nilizama vizuri sana. Nilikuwa nimesema kila mtu anaweza.

Mkono ukanikamata kwenye kola, ukanivuta juu kama beseni la nguo. Alikuwa Kahindo, anacheka. Anacheka ndani ya maji, miguu haigusi chini, na mimi mzima nimening'inia mkononi mwake. Amekulia Kyavinyonge, kando ya ziwa Edouard, hilo nalijua. Kumbe tangu utoto alikuwa anazama kunasua nyavu za baba yake. Nimemlisha, nimezaa naye, nimemzika baba mkwe mwenyewe, na sikujua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema: "Ulishaniuliza?"

Tulikaa ukingoni, miguu ndani ya maji. Akaniambia nilikuwa mjinga kuruka. Kisha akasema hakuna mtu aliyewahi kuruka majini kwa ajili yake. Nikasema viatu vimenibana. Tukabaki vile mpaka mlinzi akaja kutukumbusha kwamba wageni wanaamka.

Nimefurahi leo. Naandika hapa ili nisisahau.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Nimehojiwa! Kwa simu ya video, na Madame Geneviève, mkubwa wa kazi pale Les Trois Palmes. Mama mwenye miwani na haraka. Nilivaa koti.

Akauliza kwanza naweza sahani ngapi kwa siku. Nilishtuka kidogo. Halafu akili ikanifungukia: sahani ni aina ya samaki, wale bapa. Plongeur anawaonyesha wageni. Nikajibu mia tatu bila wasiwasi. Akaandika.

Akauliza kama navunja. Nikasema nina mikono myepesi, wale wadogo nawashika kama mayai. Akasema wadogo ndio wanaovunjika kweli. Tukaelewana kabisa.

Akauliza maji ya moto yananisumbua? Nikasema ndiyo sababu ya kwenda nchi ya joto. Akauliza kama nimezoea mashine. Nikasema tunayo hapa, nimeijaribu juzi, lakini mkono ni mkono. Akafurahi sana, akasema vijana wa siku hizi wanataka mashine tu. Akauliza naweza kusimama kwa muda gani. Nikauliza, ndani ya maji? Akacheka, akasema ndiyo, ni kama ndani ya maji, siku nzima. Nikasema siku nzima.

Mwisho akauliza juu ya zile za chini kabisa, nyeusi, zilizoungua. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba chini kabisa ndipo ninapopapenda. Akavua miwani. Akasema kwa miaka yote ya kazi yake hajasikia plongeur akisema hivyo.

Nimeeleza yote kwenye grupu ya familia, pamoja na mafundisho juu ya samaki-sahani. Fulgence ameuliza maswali mawili matatu, kwa adabu isiyo ya kawaida. Nikamjibu kwa kirefu. Mtu akitaka kujifunza, mfundishe.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Nimepokelewa. Sote wawili. Madame Geneviève ameandika mapema: karibuni, tumeni picha za pasipoti.

Nikatuma kadi ya uchaguzi. Akauliza hii ni nini. Nikamwambia hapa Congo kadi hii inafungua kila mlango, hata benki, hata kwa polisi. Akasema haitafungua ndege. Nikaomba anipe muda. Akasema mahali pa kazi pamejaa, hawezi kungoja.

Mchana akaandika tena. Kwa bahati njema, kuna plongeur mwingine wa Bunia, ana pasipoti, ana hamu kubwa, anatambua hata mambo ya sahani. Anaitwa Fulgence. Ameshapewa tiketi, anaruka Jumatano. Nafasi ya pili wamempa mtu wa kisiwani. Mimi na Kahindo tumewekwa akiba.

Mwizi! Alikunywa bia yangu, ile aliyoileta mwenyewe, mkono kwenye simu yangu. Sasa kwenye grupu ameweka picha ya pasipoti na ile ya maji ya kiunoni. Shangazi wa Aveba ameandika hongera.

Nilimkuta Kahindo anapiga pasi kitenge cha safari. Nikamwambia. Nilitumaini atapiga kelele. Alizima pasi, akakunja kitenge, akakirudisha ndani ya sanduku, akafunga. Kisha akauliza kama nimekula. Wiki moja tu kabla ya jubile, mama zote wanajua, na mimi ndiye niliyesema safari iko. Sina uso wa kuwatazama.

Jumanne, tarehe 23 Septemba

Madame Geneviève ametuma video kwa watu wa akiba, ili tuone mahali pa kazi. Sikutaka kuifungua. Kahindo akaifungua, akaiweka katikati yetu.

Nilitegemea samaki. Niliona chumba bila dirisha. Ndani yake sahani. Sahani chafu, zimepangwa mpaka kwenye dari, na masufuria meusi yaliyoungua chini. Katikati mtu mwenye aproni, mikono ndani ya povu mpaka kwenye viwiko, jasho linamtoka. Sauti ya Madame inasema kwa furaha: huyu hapa plongeur wetu.

Nikasema amekosea video. Nikakimbia mpaka kwa Padiri Augustin, ambaye alisoma Ulaya. Akasema ndiyo, kwenye hoteli za Kifaransa plongeur ni mtu wa kuosha vyombo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akashangaa. Alifikiri tunajua. Alisema aliguswa sana na unyenyekevu wetu, ndiyo sababu Jumapili ile alisema ni mfano mzuri.

Nilirudi na habari. Kahindo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini, palepale kwenye simenti, akacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu. "Fulgence!" akasema. "Hajasafishaka hata kijiko yake! Kwetu tulimusafishia mpaka anaoa!"

Mimi ni Mkristo. Nilienda kumuonya. Nilimkuta anajaribu miwani mbele ya kioo. Nikamwambia shemeji, ni kazi ya kuosha sahani. Akasema wivu umenimaliza. Nikarudia: sahani. Akaniambia kwa huruma kwamba sahani ni samaki bapa, jambo hilo kila plongeur analijua. Nilitaka kurudia mara ya tatu. Sikurudia.

Lakini kisiwa hakiko. Nilimpa Kahindo mpango: baada ya misa tujifiche Aveba kwa shangazi, turudi baada ya wiki mbili tumeungua na jua, na mchanga kidogo ndani ya mifuko. Akakataa. Hatadanganya watu wa Kanisa. Akaniambia niache kutengeneza mipango kwa siku mbili tu, na Alhamisi niende naye Tchomia, ziwani, kuchukua samaki. Nikakubali. Mtu asiye na uso hachagui safari.

Alhamisi, tarehe 25 Septemba

Fulgence aliruka jana. Aliaga mtaa mzima. Alivaa miwani ile juu ya kichwa.

Sisi leo pikipiki mpaka Tchomia. Kule ziwani kila mtu anamjua mke wangu. Wavuvi wanamwita Mama Makayabo, wananisalimia mimi kama mzigo wake. Samaki walikuwa bado hawajafika. Kahindo akazungumza na mzee mmoja mwenye mtumbwi, tukapanda. Nilishika mbao kwa mikono yote miwili.

Mbali kidogo na ufuko kulikuwa na matete, yamefungamana, yanaelea yenyewe juu ya maji, upana kama uwanja wa nyumba yetu. Kahindo akaomba tusogee. Akavua viatu, akashuka juu yake, akakaa. Yakambeba. Akaniita. Nikasema mimi naona vizuri kutoka hapa. Akaniita tena, kwa jina langu, Gaspard, jina ambalo halitumii tangu Ornella azaliwe. Nikashuka. Matete yakabonyea, maji yakaingia kwenye soksi, lakini nikasimama.

Mzee akaenda kuangalia nyavu zake. Upepo ukaja. Nikaona miti ya ufukoni inatembea. Nikasema Mama Ornella, miti inatembea. Akasema si miti, ni siye.

Niliita mzee mpaka sauti ikakauka. Tulikuwa tunakwenda ng'ambo ya ziwa, Uganda, na mimi sina pasipoti! Kahindo hakugeuka hata. Alikuwa amelala kifudifudi, ametenga matete kwa mikono miwili. Akaniambia ninyamaze, nije niangalie. Nikatambaa kwa magoti. Chini yetu, katika kivuli, samaki wadogo wengi, wa rangi ya fedha, wanageuka wote pamoja. Kahindo akasema anauza samaki maisha yake yote, na anawaona tu wamekufa. Akasema kwao alikuwa anawaangalia hivi akiwa mtoto. Alikuwa analia kidogo, na anacheka.

Akili yangu ni nzito. Ilibidi aniambie mwenyewe. "Iko katikati ya mayi," akasema. "Iko mbali. Iko na samaki wazima. Weye unatafuta nini tena?"

Nikajilaza karibu yake. Kisiwa kilikuwa cha mbali kweli, na kilizidi kuwa mbali. Nikasahau kuogopa, labda kwa muda wa kumaliza sala moja. Halafu nikakumbuka, nikaanza tena kupiga kelele, na wavuvi wakaja na kamba, wakatuvuta sisi na kisiwa chetu mpaka Congo.

Jumamosi, tarehe 27 Septemba

Jubile. Koti langu mwenyewe safari hii. Baada ya kurudia ahadi, Padiri Augustin akatupa maikrofoni. Nilikuwa nimeandaa maelezo juu ya matatizo ya pasipoti. Kahindo akaichukua maikrofoni kabla yangu.

Akasema yeye si mtu wa maneno mengi. Akasema ile safari ya hoteli ameenda kaka yake. Lakini bwana wake alimwahidi kisiwa kabla ya jubile, na Alhamisi alifika naye kisiwani, wakalala juu yake wawili, wakaangalia samaki wazima. Basi. Akanirudishia maikrofoni.

Vigelegele vilitikisa mabati. Mama Dorcas alikuwa anajifuta macho. Hakuna aliyeuliza kisiwa gani, na hakuna neno moja la uongo lililosemwa. Nilitaka kuongea na sikuweza. Mwanaume mzima, fundi, nimesimama mbele ya parokia nzima nalia kwenye kifaa cha umeme. Nampenda mke huyu. Ningeruka kwa ajili yake kwenye maji yoyote.

Jumatatu, tarehe 29 Septemba

Fulgence ametuma picha kutoka kisiwani. Mchanga mweupe, bahari kijani, yeye anatabasamu, mikono ameificha nyuma. Shangazi wa Aveba amemuuliza kama ameona sahani. Hajajibu.

Leo nilikuwa nimetulia kabisa. Nimewaambia watu wote kwamba mipango basi, nabaki na frigo zangu na mke wangu. Niliyasema haya asubuhi.

Mchana likaingia tangazo. Hoteli kubwa ya Ulaya, milimani, kwenye theluji. Anatafutwa chasseur. Nimelisoma mara nyingi, hakuna mtego. Chasseur! Mwindaji! Nani awinde kuliko sisi watu wa msitu wa Ituri? Masharti yenyewe ni mepesi. Awe na adabu: mnyama hapendi kelele. Avae sare na kofia ya hoteli: baridi. Awe na nguvu za kubeba mizigo ya wageni mpaka vyumbani: hiyo ni nyama waliyoiwinda, inaonekana wanalala nayo. Afungue mlango magari yanapofika. Bila shaka mlango wa mbwa.

Kahindo amesoma masharti polepole, hasa ile ya mizigo. Ameniomba nipitie kwanza kwa Padiri kuuliza maana ya neno. Nimembembeleza. Padiri anajua mambo ya mbinguni na ya jikoni, kuwinda atajulia wapi? Akatikisa kichwa, lakini nilimsikia akimuuliza Ornella kwenye simu kama theluji inaumiza miguu. Anataka kwenda.

Maombi yameondoka. Pasipoti nitaiomba baadaye, nisichanganye mambo. Rachidi ananitafutia upinde. Kesho mapema naanza mazoezi, jirani ana kuku wengi.